Kiuatilifu kutoonekana kwenye kipimo hakumaanishi maji yamesafika

Wengi huamini kwamba ukipitisha umeme kwenye maji taka yenye viuatilifu, sumu huteketea papo hapo na maji huwa salama. Si hivyo. Kiuatilifu kutoonekana tena kwenye kipimo ni jambo moja. Kuvunjwavunjwa mpaka ikabaki kabonidioksidi, maji na chumvi ni jambo jingine kabisa.

Kazi hasa hufanyika kwenye uso wa anodi, yaani kile kipande cha kupitishia umeme kilichounganishwa na upande chanya. Anodi ikiwa ya almasi iliyotiwa boroni, maji yenyewe hupoteza elektroni na kuzaa radikali za haidroksili, chembe kali sana za oksijeni na hidrojeni, ambazo hushambulia karibu kila molekuli ya kikaboni iliyo jirani. Lakini molekuli haisambaratiki kwa pigo moja. Hukatwa kipande kwa kipande, na baadhi ya vipande hivyo navyo vina sumu. Chukua atrazini, dawa ya kuua magugu: matawi yake ya pembeni hung'oka mapema, ila pete ya katikati ni sugu, na katika mbinu nyingi za uoksidishaji (kuvunja molekuli kwa kuzinyang'anya elektroni) mabaki huishia kuwa asidi ya sayanuriki, ambayo bado ina pete hiyo. Ndiyo maana ni lazima kupima pia jumla ya kaboni ya kikaboni iliyobaki, yaani kaboni yote iliyomo kwenye vipande ambavyo bado havijavunjika kabisa.

Kisha kuna chumvi. Maji yakiwa na kloridi, umeme huzalisha klorini. Hiyo husaidia kuvunja viuatilifu, lakini huweza kuacha misombo ya kikaboni yenye klorini, na pia klorati na hata perklorati, ambazo ni michanganyiko yenye sumu ya klorini na oksijeni. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: mtambo unaweza kusifiwa kwa kuondoa sumu moja huku ukitengeneza nyingine ambayo hakuna aliyeipima.