Opali ya kawaida: kinundu kilichoanza kama uji

Jani la muwa likikukata kidole, umekatwa na opali. Muwa, mpunga na nyasi nyingi hunyonya silika (kitu kinachojenga mchanga na kioo) iliyoyeyuka katika maji ya ardhini, zikaigandisha ndani ya majani kuwa chembe ndogo mno zilizo ngumu kama kioo. Kwa kemia yake, chembe ile ni opali.

Naanzia kwenye muwa kwa makusudi, maana masonara wamelishika neno hili hadi tumesahau maana yake pana. Kwao opali ni jiwe la pete linalochezesha rangi za upinde wa mvua kila mkono unapogeuka. Hilo ni kundi dogo, tena adimu. Opali nyingi duniani haichezeshi rangi yoyote: ni nyeupe ya maziwa, kahawia ya ini, manjano, kijani, pengine rangi ambayo hata kuitaja ni shida. Hiyo ndiyo opali ya kawaida. Mara nyingi hukaa ndani ya mwamba ikiwa vinundu, yaani madonge ya mviringo, mengine kama karanga, mengine kushinda ngumi.

Opali ni silika yenye maji ndani yake. Silika ni kitu kile kile kinachojenga kwatzi, ile inayong'aa kwenye mchanga wa mtoni. Ila ndani ya kwatzi atomu zimejipanga safu kwa safu, na ndani ya opali mpango huo haupo, au upo nusunusu. Maji nayo hayakuondoka yote. Kwa kawaida huwa asilimia 6 hadi 10 ya uzito wa jiwe.

Kinundu huanzaje? Mara nyingi huanza na majivu ya volkeno. Majivu hayo kwa sehemu kubwa ni kioo kilichopoa haraka, na kioo huyeyuka katika maji kwa urahisi kuliko kwatzi. Mvua inapopenya, maji huchukua silika kidogo kidogo. Kwenye joto la nyuzi 25 lita moja hubeba takribani miligramu 120 za silika ya namna hiyo, na ikizidi hapo huanza kujitenga. Maji yakipungua, yakipoa au kemia yake ikibadilika, silika hushikamana kuwa tufe ndogondogo, tufe zikagandana kuwa rojorojo. Fikiria uji uliosahauliwa sufuriani: unakuwa mzito, unaganda, unakauka, mwishoni unapasuka. Opali hupita njia hiyo hiyo, tena hata kule kupasuka haikosi.

Umbo la mviringo ni la shimo lililojazwa. Lava nzito yenye silika nyingi, iitwayo riolaiti, huacha matundu ya gesi na mianya katikati ya madonge yake inapopoa, na rojo la silika hujaa humo. Mfano mzuri ni Mezezo, katika nyanda za juu za Shewa nchini Ethiopia, ambako vinundu vilianza kuvuma sokoni katika miaka ya 1990. Kwa nje ni donge la mwamba lisilovutia. Ukilivunja unakuta moyo wa opali ya kahawia au ya rangi ya chungwa. Vingi vina opali ya kawaida tu. Mbali zaidi kaskazini, Wegel Tena, opali iliyogunduliwa mwaka 2008 iko katika tabaka jembamba la majivu yaliyogandamana, juu ya udongo wa mfinyanzi. Maji yaliposhuka yakakwama juu ya mfinyanzi ule, silika ikabaki hapo.

Njia nyingine haihitaji moto kabisa. Diatomu, viumbe wadogo wa majini, hujijengea maganda ya opali. Ule udongo mweupe mwepesi unaochimbwa Kariandusi, Kenya, ni maganda yao. Maganda ya namna hiyo yakizikwa kwenye tope yanaweza kuyeyuka, kisha silika ikakusanyika upya kuzunguka kiini fulani. Vinundu vya rangi ya ini vya Ménilmontant, Paris, ni vya ukoo huu. Nalo gumegume, lile jiwe la kuwashia baruti, mara nyingi lilipitia hatua ya opali kabla ya kuwa kwatzi. Opali huzeeka: miaka milioni mingi ikipita, hupoteza maji na kujipanga. Ndiyo maana ni nadra kuikuta kwenye miamba ya kale sana.

Na ile inayochezesha rangi? Mwaka 1964 watafiti wa Australia walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba ndani yake kuna tufe za ukubwa mmoja, zilizopangwa kama mafungu ya machungwa sokoni, na mpangilio huo ndio unaotawanya mwanga kuwa rangi. Kwenye opali ya kawaida tufe ni kama viazi vilivyomwagwa chini, vikubwa kwa vidogo, au hazipo kabisa. Kuiita jiwe lililoshindwa ni uonevu. Opali ya kijani ya Haneti, mkoani Dodoma, ambayo rangi yake inatokana na nikeli, ni ya kawaida kwa tafsiri hii, na bado hukatwa na kuvaliwa.

Anayeokota aanze kwa kupima uzito mkononi, maana opali ni nyepesi kuliko kwatzi ya ukubwa uleule. Imevunjika kwa mikunjo laini kama kioo, ikiwa na mng'ao wa nta, na kipande cha kwatzi huichana. Yenye vitundu hunata kwenye ulimi (wazoefu hulamba mawe bila haya). Vaa miwani unapogonga, kwani vipande vyake ni vikali kama wembe. Tanzania madini ni mali ya umma, hivyo kuyachimba kunahitaji leseni.

Kinundu kibichi, yaani kilichotoka ardhini karibuni, usikianike juani, maana kikikauka haraka hupasuka. Kifunge kwa gazeti lenye unyevu kidogo, kikauke taratibu kivulini, na usikikate kabla ya miezi kadhaa. Kama ni cha kupasuka, kipasukie kabatini kwako, si kwenye pete ya mteja.