Vitafunwa kwa mwenye kisukari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukishaambiwa una kisukari, kila anayekufahamu hugeuka mshauri wa chakula. Nia yao ni njema, ila mengi wanayoyasema hayako sawa, na mengine yanaumiza.

“Pakiti imeandikwa ‘haina sukari’, basi nile nitakavyo.”

Hili ndilo linalowaponza wengi. Maandishi ya mbele ya pakiti yamewekwa ili iuzike, kwa hiyo igeuze usome jedwali la nyuma. Biskuti isiyotiwa sukari bado ni unga. Unga ni wanga, na wanga mwilini huwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Usiishie kwenye mstari wa sukari, soma ule wa jumla ya wanga. Kisha tazama hesabu hiyo ni ya kiasi gani, maana mara nyingi ni ya gramu 100 au ya vipande vichache tu. Tuseme biskuti 3 zina gramu 20 za wanga. Ukila 9 huku unaongea na simu, umemeza gramu 60, kiasi ambacho kwa wengi ni cha mlo kamili. Pipi za namna hiyo nazo mara nyingi hutiwa maltitoli, kitu kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ambayo hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko sukari ya kawaida, lakini hupandisha, na ikizidi huharisha.

“Matunda ni marufuku.”

Hapana, na inasikitisha kuona mtu anaacha chungwa kisha anakunywa juisi yake akidhani amechagua vyema. Chungwa la wastani lina takriban gramu 15 za wanga na gramu 3 za nyuzinyuzi, zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ukilikamua, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hubaki kwenye makapi. Glasi ya mililita 250 hubeba wanga wa gramu 25 hivi, nayo huteremka kwa mafunda machache. Tunda litafune. Matunda makavu yanahitaji uangalifu zaidi: vijiko viwili vikubwa vya zabibu kavu tayari ni gramu 15 za wanga.

Asali nayo husifiwa kwamba ni ya asili, haina neno. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 17 za sukari. Ihesabu hivyohivyo.

“Karanga zina mafuta, usiziguse.”

Karanga, korosho na lozi hazipandishi sukari kwa kasi, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale yasiyodhuru moyo. Tatizo ni kiasi. Gramu 30, yaani zinazoenea kwenye kiganja, zina kilokalori kama 170, kwa hiyo pima zako kisha funga mfuko. Chagua zisizo na chumvi, hasa kama una shinikizo la damu pia.

“Mwenye kisukari lazima ale kitu kila baada ya saa chache.”

Inategemea dawa zake. Anayetumia metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka kupita kiasi, na huenda asihitaji kitafunwa chochote kati ya milo. Anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenklamidi yuko katika hatari zaidi, hasa akichelewa kula au akifanya kazi nzito. Muulize daktari au mtaalamu wa lishe anayekufahamu.

“Sukari ikishuka, mpe chokoleti.”

Mafuta ya chokoleti huchelewesha sukari wakati kila dakika ina thamani. Kipimo cha sukari ya damu kikiwa chini ya 4 mmol/L (milimoli kwa lita), mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vidonge vya glukosi, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda, na kama mlo bado uko mbali, ndipo ale kipande cha mkate au kitu kingine chenye wanga. Aliyepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni: mlaze kiubavu, mwite mtu wa kusaidia, mfikisheni hospitali mara moja.