Je, wajua kwa nini dereva hutazama barabarani na bado asiione pikipiki?

Dereva anayetoka barabara ya mtaa husimama kwenye makutano, hutazama kulia, hutazama kushoto, kisha huingia barabara kuu na kugongana na bodaboda iliyokuwa ikija waziwazi mchana kweupe. Kauli yake ya kwanza huwa ni "sikumwona", na waliokusanyika pale humhesabu kuwa mwongo. Mara nyingi hasemi uongo. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti ya ajali za pikipiki zipatazo 900 walizozichunguza palepale zilipotokea. Katika zile zilizohusisha chombo kingine, theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo hicho kuingilia njia ambayo ilikuwa haki ya mwenye pikipiki, na aghalabu dereva huyo hakuwa ameiona kabisa, au aliiona wakati ambapo breki hazikuweza tena kumsaidia.

Chanzo kimojawapo kimo ndani ya jicho lenyewe. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno: ukinyoosha mkono mbele yako, eneo unaloliona vizuri halizidi sana upana wa kucha ya kidole gumba, na yaliyobaki pembeni huonekana kwa ukungu. Ili kuikagua barabara nzima, jicho hulazimika kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, na katika kila mruko ubongo huizuia picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huliziba pengo hilo kwa namna ambayo mwenyewe hawezi kulitambua. Dereva anayegeuza kichwa upesi kwa sababu wa nyuma yake anampigia honi hutua macho mahali pachache tu, lakini hubaki na hakika kwamba ameiona barabara yote. Fuso haliwezi kupotea katika mapengo hayo. Pikipiki inaweza, pamoja na abiria wake.

Kisha iko nguzo inayoshikilia kioo cha mbele na paa. Katika magari yenye usukani wa kulia, ambayo ndiyo mengi Tanzania na Kenya, nguzo ya kulia iko karibu sana na uso wa dereva, kwa hiyo huficha sehemu kubwa ya barabara, na mbaya zaidi ni ule upande ambao magari ya njia ya kwanza anayoivuka hutokea. Mtu angetarajia pikipiki ichomoze upande wa pili wa nguzo baada ya muda mfupi, lakini vyombo viwili vinavyoelekea kukutana mahali pamoja, kila kimoja kikiwa katika mwendo usiobadilika, huonana katika pembe ileile hadi vinapogongana. Gari linaposogea taratibu kuelekea makutano, pikipiki inaweza kwenda sambamba na nguzo hiyo njia nzima bila kutokeza hata mara moja. Tiba yake haina gharama: dereva ainame mbele, kisha arudi nyuma kidogo, na pembe itavunjika.

Hata pikipiki ikionekana, kuna kosa la pili, nalo ni la kukadiria. Vitu viwili vikija kwa mwendo sawa kutoka umbali sawa, watu hudhani kile kidogo kitachelewa kufika. Ndiyo maana dereva anayekata kulia huthubutu kupita mbele ya bodaboda pale ambapo asingethubutu mbele ya basi. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde moja ni kosa dogo sana la kukadiria. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa taa mbili za gari huonekana zikiachana kadiri linavyokaribia, ilhali taa moja haitoi kipimo hicho. Hapa magari yetu yenye taa moja mbovu yana hatia yao, maana bodaboda akiona mwanga mmoja mbele hudhani ni mwenzake, akamwachia nafasi ya pikipiki na kukuta ni lori.

Je, mambo haya yanamwondolea dereva lawama? Kwa maoni yangu, hapana. Anayejua kwamba jicho lake linaruka ana wajibu wa kutazama mara ya pili, tena polepole, na kutua macho mahali patatu au panne. Lakini mwenye pikipiki naye hapaswi kuegemea haki yake ya kupita kana kwamba inaonekana kutoka ndani ya gari. Akimpita kwa kushoto dereva wa lori aliyewasha indiketa ya kushoto, amejiweka mahali ambapo mara nyingi hata saitimira haifiki, na hapo makosa ni yake.

Mengi anayoweza kufanya yamepimwa. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba waliovaa mavazi ya kung'aa au ya kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 37, na wenye kofia ngumu nyeupe kwa asilimia 24 ikilinganishwa na wenye nyeusi. Malaysia iliwalazimisha waendesha pikipiki kuwasha taa mchana tangu mwaka 1992. Hata hivyo, kizibao cha kuakisi mwanga kilichofunikwa na begi la abiria, au kilichofifia kwa vumbi la mwaka mzima, hakimsaidii sana anayekivaa. Kwenye makutano ni afadhali apunguze mwendo na kusogea kidogo kushoto au kulia ndani ya njia yake, kwa sababu jicho la pembeni, ambalo ni dhaifu kwa maumbo, ni hodari wa kugundua kitu kinachohama.

Dereva aliyeegesha kando ya barabara afungue mlango wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mkono huo hauufikii mlango mpaka kiwiliwili kigeuke, na kikigeuka, macho huangalia nyuma kule bodaboda wanakotoka.