Faili Isiyo na Mwenyewe Si Takataka

Hii ni laptopu ya tatu ya Linux tangu mwezi uanze. Kijana ameileta dukani kwangu Langoni: `curl`, amri ya kuvuta kitu mtandaoni, inakataa kila anwani ya https, `git clone`, ya kunakili msimbo, nayo vivyo hivyo. Firefox inafungua kila kitu, kwa sababu ina vyeti vyake yenyewe vya kuthibitisha tovuti. Nikamuuliza amefuta nini.

"Faili zisizo na kifurushi tu, fundi. Nilipiga `dpkg -S`, hazina mwenyewe."

Kifurushi ni programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, na `dpkg -S` ni amri ya kuuliza faili imetoka kifurushi kipi. Miongoni mwa alizofuta ni `/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt`, rundo la vyeti ambalo `curl` na `git` hulitegemea.

Nasema tena, na safari hii naandika. `dpkg -S` haijui nani ameumba faili. Inasoma orodha zilizomo `/var/lib/dpkg/info/`, zile za `.list`, na orodha hizo zinataja kilichokuja ndani ya .deb, yaani faili ya kifurushi chenyewe, basi. Karani wa gatini huandika magunia ya unga wa mtama yaliyoshuka jahazini. Mofa zilizochomwa kwa unga ule hutazikuta daftarini mwake, na hakuna anayesema zimeibiwa.

Kifurushi kikishafunguliwa, skripti yake ya `postinst` huendeshwa, nayo inaweza kuandika faili popote bila dpkg kuweka kumbukumbu. Ndivyo lilivyozaliwa lile rundo la vyeti. Ndivyo zinavyozaliwa folda za `__pycache__` za Python, na viungo (njia za mkato) vya `/etc/alternatives`. Kwenye Fedora, Linux ya ukoo mwingine, afadhali kidogo: rpm, mwenzake dpkg, ina alama ya `%ghost`, kifurushi kinadai faili ambayo hakikuibeba, na `rpm -qf` inakujibu.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Kwenye Debian 12, toleo la Linux inayotumia dpkg, uliza habari za `ls`, amri ya kuorodhesha faili: `dpkg -S /usr/bin/ls`. Utaambiwa haipo popote. Uliza `/bin/ls`, unajibiwa coreutils, kifurushi chake. Faili ni ile ile moja, maana `/bin` ni kiungo tu cha kwenda `/usr/bin`, lakini dpkg hulinganisha maandishi ya njia, haifuati kiungo. Debian 13 wamehamisha njia hizo ndani ya vifurushi, kwa hiyo majibu yamegeuka: sasa `/bin/ls` ndiyo yatima. Mtu akifuata mwongozo wa zamani atafuta `ls` yenyewe! Uliza kwa `dpkg -S '*/bin/ls'`, utapata jibu kote kuwili.

Je, kuna njia ya kumjua mwenye faili kwa yakini? Kwenye dpkg, hapana. Mimi hupiga `grep`, amri ya kutafuta maneno, ndani ya skripti za `.postinst`, lakini mara nyingi skripti inaita skripti nyingine, na jina la faili halitajwi kabisa. Hapo nabaki kukisia kwa tarehe na kwa mazoea. Ndiyo maana faili ninayoishuku siifuti. Naihamishia folda ya pembeni, nawasha mashine upya, naiacha ifanye kazi wiki nzima.

Laptopu ya kijana ilipona kwa `sudo update-ca-certificates`, inayounda upya lile rundo la vyeti. Nilimwandikia amri hiyo kwenye karatasi, awapelekee na wenzake wawili.