Theluji haijaua ngano ya Urusi, tulieni

Kila mwezi wa kwanza simu yangu inakuwa hivi. Kuna mzee mteja wangu ana kinu cha kusaga ngano, namuamkia shikamoo, hata marahaba haijamtoka vizuri anadakia "mwanangu umeona theluji ya huko kwa Warusi? Ngano imekwisha yote, mi nanunua ya miezi minne leo leo". Alafu ananirushia video ya WhatsApp, gari limefukiwa mpaka vioo, mtu anachimba mlango wa nyumba yake kwa koleo, na chini kuna maandishi mekundu ya kutisha. Video za aina hiyo nimetumiwa na waoka mikate, na mawakala, na mwalimu mmoja anayeuza unga jioni akitoka shule. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, naandika mara moja hapa mkitumiwa tena mnajua.

Nilisomea kilimo Krasnodar, kusini mwa Urusi, hiyo theluji nimeikanyaga miaka mitano, na sasa nakula kwa kuwaelekeza wanunuzi wa ngano. Na hili linatuhusu sana tu, maana sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania na Kenya inakuja kwa meli, na inayopakiwa Novorossiysk, bandari ya Urusi ya Bahari Nyeusi, humo ni nyingi. Chapati yako ya asubuhi inawezekana ilikuwa chini ya theluji mwaka jana.

"Theluji ikianguka nyingi ngano inakufa"

Hii ndo inayonipandisha presha. Ni kinyume kabisa. Wakulima wa kule wana methali, theluji nyingi mkate mwingi, na hawasemi kwa kujifariji.

Ngano iliyoko ardhini mwezi wa kwanza ni ile ya winta, yaani msimu wa baridi wa kule, imepandwa kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, ikaota, ikatoa machipukizi, baridi ilipoingia ikalala. Majani ya juu yanaweza kukauka yakawa kahawia yote na wala sio tatizo. Roho ya mmea iko kwenye kifundo kidogo sentimita 2 au 3 chini ya udongo, hapo ndo majani mapya na mizizi mipya vitatokea springi, yaani baridi ikiisha kuanzia Machi. Kifundo kikiwa hai ngano ipo, kikifa ndo basi. Sasa we unaniambia hewani kuna hasi 25, hewani kuna ngano gani? Niambie pale kifundoni kuna nyuzi ngapi.

Ngano iliyozoea baridi vizuri inavumilia mpaka hasi 16 hata hasi 18 pale kifundoni. Na theluji laini imejaa hewa ndani yake kama sufi kwenye godoro, joto la ardhi halipiti kirahisi kwenda juu. Ikilala sentimita 20 au 30, hewani inaweza kuwa hasi 25 na kule chini udongo umebaki hasi 5 au hasi 7. Mmea umelala zake. Mwaka wangu wa pili mwalimu alinipa vipimajoto viwili asubuhi moja tukiwa shambani, kimoja nimekining'iniza kwenye fimbo kingine nimekizamisha mpaka kwenye udongo, mkono umeingia kwenye theluji karibu na kiwiko. Cha juu kilisoma hasi 19. Cha chini hasi 3. Mi mtoto wa Tanga nikadhani kimeharibika nikaomba kingine, mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

Na hakuna haja ya kubahatisha, kuna namna ya kupima. Mwisho wa mwezi wa kwanza na tena mwezi wa pili wataalamu wanaenda shambani na shoka na tindo, wanachonga pande la udongo ulioganda pamoja na mimea yake, kama sentimita 30 kwa 30 na unene wa 15 hivi, wanalitia kwenye sanduku la mbao. Haliingizwi kwenye joto moja kwa moja, utaliua mwenyewe alafu useme baridi imeua, linakaa siku mbili tatu kwenye ukumbi wa baridi liyeyuke taratibu ndo linapelekwa kwenye chumba cha joto kama nyuzi 20 chenye mwanga. Chumba kizima kinanuka udongo wa mvua ya kwanza. Baada ya wiki mbili unang'oa mmea mmoja mmoja, unaosha matope bombani, unatafuta mizizi mipya, myeupe, myembamba kuliko tambi. Yenye mizizi mipya unaweka kushoto, iliyolegea kifundo kimekuwa kahawia unaweka kulia, unahesabu, unapata asilimia. Nimehesabu hayo mabua mpaka macho yakaniuma, na masanduku yaliyotoka kwenye theluji nene ndo yalikuwa yanatoa wafu wachache. Mtu wa video ya gari anakuja kubishana na sanduku.

Sasa isije ikasemwa nimesema baridi haiui. Inaua, ila sio kwa sura mnayoiona kwenye video. Inaua pale ambapo theluji haipo, ardhi iko uchi, alafu baridi kali inashuka ghafla. Inaua pale theluji inapoyeyuka mchana au mvua inanyesha katikati ya winta, maji yanatuama, usiku yanaganda yanakuwa kioo juu ya shamba. Barafu sio theluji jamani! Theluji ni blanketi, barafu ni bati, inapitisha baridi na inaziba pumzi, mmea chini unakosa hewa. Ukraine 2003 ndo iliumia hivyo, barafu ilikaa juu ya mashamba wiki na wiki, springi ikaja kavu juu yake, na nchi iliyovuna ngano karibu tani milioni 20 mwaka 2002 ikavuna chini ya milioni 4, wakawa wanaagiza nje wao wenyewe. Na kuna la tatu, theluji nene ikiangukia udongo ambao haujaganda, hapo mmea haulali sawasawa, unapumua gizani unakula sukari yake mpaka inaisha, alafu ukungu unaumaliza. Kwa hiyo ukitaka kuniogopesha usinitumie picha ya theluji ndefu, nitumie picha ya shamba jeusi linalong'aa mwezi wa pili. Hapo nitakaa chini.

Yule mzee mwaka mmoja hakunisikiliza. Alinunua kweli ya miezi minne, kwa mkopo, akajaza ghala mpaka mlangoni. Joto la Dar unalijua, fukusi waliingia kabla hajamaliza nusu, akalipa wa kupuliza dawa mara mbili na riba ya benki juu. Ngano ya Urusi mwaka ule ilivunwa kama kawaida.

"Winta ndo inaamua mavuno"

Huu uongo ni ndugu yake ule wa kwanza. Mi naangalia Septemba na Oktoba, alafu Mei na Juni, Januari napumzika.

Vuli ya kule, hiyo miezi ya Septemba na Oktoba, ndo inampa mmea nguvu ya kuingia winta nayo. Mbegu inataka unyevu iote, inataka wiki kadhaa itoe machipukizi 2 hadi 4, alafu inataka mchana wa jua na usiku wa karibu sifuri ili ikusanye sukari kwenye kifundo, hiyo sukari ndo inazuia kuganda. Baridi inaongezeka polepole mmea unazoea. Ukikosa mvua ya vuli mbegu inalala kwenye vumbi, au inaota jani moja moja jembamba kama uzi, hiyo hata hasi 12 inaweza kuimaliza.

Vuli ya 2024 ilikuwa kavu hivyo. Mwishoni mwa Novemba idara ya hali ya hewa ya Urusi ilitoa hesabu kwamba asilimia 37 ya mazao ya winta yako katika hali mbaya, mwaka uliotangulia ilikuwa asilimia 4. Hiyo hesabu hata mi ilinishtua, na wateja wangu hakuna hata mmoja aliyepiga simu kwa sababu haina video! Winta ikaja ya vuguvugu, mimea mingi iliyochelewa ikapata nafasi ya kujikokota, na mavuno ya 2025 yakapita yale ya 2024. Kusini, Rostov na Krasnodar, waliumia, ila kwa ukame, mikoa ya kati na ya Volga ikafidia.

Na huo mwaka 2024 wenyewe mnajua ulipigwa na nini? Mei. Aprili ilikuwa joto, ngano imeamka imenyooka, ule uzoefu wa baridi umeshautoka mwilini, alafu siku za mwanzo wa Mei baridi ikarudi usiku, nyuzi chache tu chini ya sifuri. Mikoa ya Voronezh, Lipetsk, Tambov ikatangaza hali ya dharura, bei zikaruka. Yaani mmea uleule ambao Januari ungelala hasi 25 juu ya kichwa chake bila wasiwasi, Mei unababuliwa na baridi ambayo hata friza yako ya samaki inaishinda. Hakuna gari lililofukiwa, hakuna koleo, shamba lina jua zuri na majani ya njano.

2010 ndo mfano mkubwa kuliko yote. Joto kali na ukame wa kiangazi, ngano ikaanguka kutoka karibu tani milioni 62 mwaka 2009 mpaka milioni 41 na kitu, tarehe 15 Agosti wakafunga mauzo ya nje. Kiangazi hicho watu walikuwa wanakimbilia mtoni kuogelea.

"Urusi baridi ni moja"

Mtu amenitumia video ya Yakutsk, mji wa mashariki ya mbali ya Siberia, hasi 50, maji ya moto yanarushwa hewani yanakuwa moshi. Rafiki yangu, Yakutsk hakuna ngano ya kukuletea wewe. Krasnodar mwezi wa kwanza wastani unacheza karibu na sifuri, kuna siku unatoka na sweta tu, theluji inakuja inaondoka. Na Siberia kwenye ngano, kule Omsk na Altai, karibu yote ni ya springi, inapandwa Mei. Januari mbegu iko kwenye gunia stoo. Theluji inaiuaje mbegu iliyoko stoo? Na hiyo theluji ikiyeyuka ndo inawapa unyevu wa kupandia.

"Bora wangepanda mapema zaidi"

Hapana. Ikipandwa mapema mno inanenepa, inatoa majani mengi na machipukizi mengi, wadudu wa vuli wanaila, na inaingia winta ikiwa nzito imemaliza maji ya udongo. Ina tarehe zake kila mkoa, Volga mwisho wa Agosti, Krasnodar inaenda mpaka Oktoba.

"Ikifa shamba limepotea"

Wanapanda tena. Springi ikionesha mimea hai ni michache mno wanapitisha jembe la diski wanapanda shayiri, mahindi au alizeti. Ngano itapungua, sawa, ila ardhi haikai bure, na wewe unayenunua mafuta ya alizeti hiyo habari kwako inaweza hata kuwa nzuri.

"Bei ikipanda Februari basi ni baridi"

Angalia kalenda. Tangu 2021 Urusi inaweka kota, yaani kikomo cha tani, ya mauzo ya nje kuanzia tarehe 15 Februari mpaka 30 Juni, na ina ushuru unaobadilika kila wiki. Kota ya 2025 kwa ngano ilikuwa tani milioni 10.6, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Ongeza thamani ya rubo, hela ya Urusi, ongeza nauli ya meli kupita Bahari Nyeusi kwenye vita. Hayo yote yanatokea kipindi theluji imelala, ndo maana theluji inasingiziwa.

"Ngano ya winta inapenda baridi, tupande Njombe"

Hii ni ya kwetu wenyewe na nimeisikia kwa watu waliosoma. Ngano ya winta haipendi baridi, inaidai. Inataka wiki nyingi mfululizo za baridi ya karibu sifuri mpaka nyuzi 10 ndo ikubali kubadilika kutoka kwenye majani kwenda kwenye suke. Njombe au Makete mwezi wa saba usiku unatetemeka kweli na umande unaganda, ila mchana jua linatoka, baridi haikai mfululizo. Ngano inayolimwa kwetu, Hanang, Karatu, West Kilimanjaro, hata Njombe kwenyewe, ni ya aina ya springi, haidai hiyo baridi ndefu.

Kuna jamaa alirudi kutoka huko na mbegu ya winta kilo kama tano kwenye begi, asifanye mtu, mbegu hazipitishwi hivyo mipakani, unaweza kuleta ugonjwa. Akapanda robo eka Makete, ikaota vizuri, kijani mpaka majirani wanakuja kushangaa, akawa ananitumia picha kila wiki. Mwezi wa kwanza majani. Mwezi wa tatu majani. Mwezi wa tano ananiuliza aweke mbolea gani suke litoke. Nikamwambia afuge. Alikasirika hakunipigia muda mrefu, baadaye nikasikia ng'ombe wa shemeji yake ndo waliovuna, na maziwa yalikuwa mazuri.