Futari Ikishamezwa

Mwezi wa Ramadhani maswali ya tumbo hayaishi. Mmoja analalamikia kiungulia baada ya daku, mwengine tumbo limejaa upepo, na karibu wote wanaamini kuwa chakula huanzia na kumalizikia katika mfuko wa tumbo. Sivyo. Mfuko huo hufanya maandalizi tu. Kazi kubwa iko chini yake, katika utumbo mwembamba.

Tuchukue futari ya kawaida: tende, muhogo wa nazi na kipande cha changu. Muhogo huanza kumeng'enywa mdomoni, kwani mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Anayemeza bila kutafuna anaipoteza nafasi hiyo. Kisha tonge hupita kwenye umio, mrija wa misuli wa takriban sentimita 25 unaojibana na kujiachia. Ndiyo maana hata aliyelala huweza kumeza.

Mfuko wa tumbo wa mtu mzima hutanuka kubeba lita moja hadi moja na nusu hivi. Humo chakula huvurugwa pamoja na asidi kali inayoua vijidudu vingi, na protini ya samaki huanza kuvunjwa. Pale umio unapoishia pana msuli unaoizuia asidi isipande. Mtu akila daku la kuvimbiwa kisha akajilaza papo hapo, msuli huo huelemewa na asidi huunguza umio. Tui la nazi huzidisha, kwa sababu mafuta huchelewa kutoka tumboni. Sisemi nazi iachwe, nani atakubali? Iwe kwenye futari, daku liwe jepesi.

Baada ya saa mbili hadi nne, sehemu kubwa ya chakula huwa imeshageuka rojo na kuteremka kidogo kidogo katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6. Kongosho huleta vimeng'enya vya wanga, mafuta na protini, pamoja na majimaji ya kuipunguza nguvu asidi. Ini hutengeneza nyongo, inayoyavunja mafuta ya nazi kuwa matone madogo sana. Aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji bado ana nyongo, maana mfuko ule ni ghala tu.

Ukuta wa ndani wa utumbo huu una mikunjo na vinyweleo vingi mno, mithili ya zulia. Ukikunjuliwa wote, hufikia takriban mita za mraba 30. Sukari ya tende hufyonzwa hapo upesi, ndiyo maana mfungaji huchangamka mapema. Hapo pia ndipo minyoo ya safura hujishikiza na kunyonya damu, baada ya kuingilia kwenye ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo wenye kinyesi. Kisiwani Pemba minyoo hii imechunguzwa kwa miaka mingi, ikiwemo na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake. Mtoto mwenye safura anaweza kula vizuri na bado akapungukiwa damu.

Utumbo mpana, mita moja na nusu tu, hufyonza maji yaliyosalia, na bakteria wake huchachua nyuzinyuzi. Upepo mwingi hutoka huko. Mabaki hukaa humo siku moja au zaidi. Anayekimbilia chooni mara tu baada ya kufuturu hatoi futari ile. Tumbo likitanuka, utumbo mpana huamka na kusukuma vya jana.

Hesabu ya maji inashangaza zaidi. Kila siku takriban lita 9 huingia katika njia hii: 2 za kula na kunywa, 7 za mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Karibu zote hurudi kwenye damu. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo mwembamba umwage maji, na mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa. Lakini kuna mlango ambao sumu hiyo haiufungi: sukari na chumvi vikifika pamoja, utumbo huvipokea, na maji hufuata. Ndivyo ORS, ule unga wa paketi wenye chumvi na sukari, inavyofanya kazi. Paketi ikorogwe kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kuongeza sukari, kwani sukari ikizidi huyavuta maji utumboni na kuzidisha kuharisha. Mgonjwa anayetapika apewe kijiko kimoja kimoja, huku akipelekwa kituo cha afya.