Anayekoroma Baada ya Vidonge Hajalala! Maswali na Majibu Kuhusu Bangi Kuhalalishwa na Uraibu wa Opioidi

Nafanya kazi chumba cha dharura na kuna kauli mbili nimechoka kuzisikia. Ya kwanza ni "si imeshahalalishwa". Ya pili, na hii ndo inatuulia watu, ni "tulimwacha alale kwanza". Maswali ya hapa chini ndo yale yale ninayoulizwa na ndugu wa wagonjwa, mara nyingi tukiwa tumesimama mlangoni na muda umeshaenda, kwa hiyo naomba uyasome kabla hujafika kwangu.

Swali: Opioidi ni nini?

Ni kundi la dawa za maumivu makali pamoja na madawa ya mtaani yanayofanya kazi kwa njia moja. Mofini, kodeini, tramadoli, pethidini, fentanili, na heroini ambayo wengi mnaiita unga, hao wote ni ndugu. Zinaondoa maumivu, zinaleta raha na usingizi, na dozi ikizidi zinapunguza nguvu ya ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Mtu anafia hapo kwenye pumzi. Shika hilo neno pumzi, nitalirudia mpaka uchoke.

Swali: Bangi nayo ni opioidi?

Hapana. Kemikali yake inayolewesha ni THC na inafanya kazi yake sehemu nyingine kabisa. Bangi peke yake haizimi pumzi ya mtu mzima kama unga unavyozima. Naziongelea pamoja kwa sababu wengi ninaowapokea wanazitumia pamoja, alafu lile wazo la "ni halali kwa hiyo haina neno" limeanzia kwenye bangi likahamia kwenye vidonge.

Swali: Nchi kubwa zimehalalisha bangi, si ina maana wamepima wakaona haina madhara?

Hapana jamani. Sheria inasema polisi hatakukamata, haisemi chochote kuhusu kitakachotokea kichwani mwako. Uruguay walihalalisha mwaka 2013, Colorado kule Marekani walipiga kura 2012 na maduka yakafunguliwa Januari 2014, Kanada nchi nzima ikafuata Oktoba 2018, Ujerumani Aprili 2024. Na wote hao waliweka kikomo cha umri, Colorado ni miaka 21, kwa sababu ubongo unaendelea kujengeka mpaka kwenye miaka 25 hivi na THC inauvuruga ukiwa bado unajengwa. Thailand waliitoa bangi kwenye orodha ya mihadarati mwaka 2022, na 2025 wakarudi kuibana wakataka mtu awe na cheti cha daktari. Sasa kama hata waliohalalisha bado wanaogopa, wewe unamwachia mtoto wa miaka 15 avute kwa sababu "wazungu wameruhusu"?

Alafu kama halali ingekuwa na maana ya salama, basi heroini ingekuwa salama maana kuanzia mwaka 1898 kampuni ya Bayer iliiuza hadharani kama dawa ya kikohozi. Na vidonge vya OxyContin, opioidi ya maumivu, vilivyoingia sokoni Marekani 1996 vilikuwa halali kabisa, vina cheti, vinaandikwa na madaktari wenye makoti meupe, na vimefungulia watu wengi sana mlango wa uraibu. Mwaka 2007 kampuni iliyovitangaza ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha watu kuhusu hatari hiyo.

Swali: Kwa hiyo kuhalalisha kumeleta nini hasa?

Mazuri yapo na siyafichi. Watu hawafungwi kwa msokoto mmoja, na duka lenye leseni linaandika kwenye pakiti kiasi cha THC kilichomo. Lakini ninachotaka mkione ni kwamba bangi ya sasa sio ile ya wazee. Zile zilizokuwa zinakamatwa Marekani mwaka 1995 zilikuwa na THC kama asilimia 4, mwaka 2021 zimefika kama 15, na kuna mafuta na nta zinazotengenezwa kiwandani zinapita asilimia 60. Mtu anavuta kitu kipya kabisa huku anajiambia babu alivuta na hakufa.

Ikaja pia bangi ya kula, pipi na biskuti na chokoleti. Inachelewa kupanda, nusu saa mpaka masaa mawili, mtu anaona haijamshika anaongeza nyingine, alafu zote zinapanda kwa mpigo. Na watoto wadogo wanaziokota wakijua ni pipi. Vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa 207 za watoto chini ya miaka 6 waliokula bangi ya aina hiyo mwaka 2017, mwaka 2021 zikawa 3,054. Mtoto akila hiyo anaweza kulegea, kuzimia, na mtoto kweli anaweza kupumua kwa shida. Mkimbizeni, na mseme ukweli amekula nini, msitufanye tupime malaria na uti wa mgongo wakati jibu mnalo mfukoni.

Swali: Bangi inaleta uraibu kweli? Naambiwa ukitaka unaacha tu.

Inaleta. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inakadiria kati ya watu 10 wanaotumia, 3 wanafikia kwenye matumizi yenye shida. Wengine wanachanganyikiwa, wanasikia sauti, wanaona wanafuatiliwa. Na kuna kundi la wavutaji wa kila siku ambao wanatapika siku nzima na nafuu wanaipata wakioga maji ya moto tu, wanapimwa tumbo, wanapigwa utrasaundi, hakionekani kitu, na muda wote bado wanavuta wakidhani bangi inawatuliza kichefuchefu. Kumbe ndo inayowatapisha, wakiacha inaisha.

Swali: Kuna wanaosema bangi inasaidia kuacha unga na vidonge.

Hili nalisikia sana. Mwaka 2014 ulitoka utafiti Marekani ukaonyesha majimbo yaliyoruhusu bangi ya matibabu yalikuwa na vifo vya opioidi pungufu kwa karibu asilimia 25, takwimu zake ziliishia 2010. Watu wakashangilia. Mwaka 2019 watafiti wengine wakarudia hesabu ile ile wakaongeza miaka mpaka 2017, matokeo yakageuka, majimbo hayo yakawa na vifo ZAIDI kwa karibu asilimia 23. Na hao wa pili hawakusema bangi ndo inayoua, walisema huwezi kuchukua hesabu ya jimbo zima ukaifanya tiba ya mtu mmoja. Tiba ya uraibu wa opioidi ipo na inajulikana, nitaifikia hapo chini.

Swali: Mtu amemeza vidonge au amejidunga, sasa amelala anakoroma sana. Tumwache alale, si itaisha yenyewe?

HAPANA. Msimwache alale. Huyo hajalala, huyo anakosa hewa.

Ule mkoromo mzito usio wa kawaida yake, wa kukwama kwama kama maji yanachemka kooni, ni njia ya hewa inajifunga kwa sababu ubongo umelegea. Muite jina kwa sauti, msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Mtu aliyelala ataamka na kukukasirikia, wa ovadozi, yaani aliyezidisha dozi, hataamka. Funua jicho, mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Angalia midomo na kucha, zimekuwa za bluu au kijivu, na kama ngozi yake ni nyeusi sana angalia ndani ya mdomo. Hesabu pumzi, akivuta moja ukakaa sekunde tano na zaidi kusubiri nyingine, hiyo ni dharura.

Nitawaambia kitu ninachokiona mara kwa mara. Kijana analetwa saa moja asubuhi, amepoa. Mama anasema alikoroma mpaka kama saa tisa usiku hivi, alafu akatulia, na sisi tukashukuru ametulia tukalala. Mama yule hakumchukia mwanae, alimfunika hadi na shuka. Hakuna aliyemwambia kwamba ule utulivu wa saa tisa ndo pumzi zilikuwa zinaishia. Ndo maana nasema kwa ukali. Msimwache alale.

Swali: Ila tukimpeleka asubuhi si bado itasaidia?

Asubuhi ni mbali sana. Ubongo ukikosa oksijeni unaanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, kama nne hivi. Piga simu ya dharura SASA HIVI, tafuta gari SASA HIVI. Kama hapumui au anapumua kwa kudonoa donoa, mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano mpaka msaada ufike. Akiwa anapumua mwenyewe mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, na usimwache peke yake hata kwenda kutafuta viatu.

Swali: Tumezoea kummwagia maji ya baridi, kumnywesha maziwa, kumtembeza?

Acheni. Maziwa yanaingia kwenye mapafu, kumtembeza kunamwangusha, maji ya baridi hayarudishi pumzi. Na hii ya kumdunga maji ya chumvi sijui nani aliianzisha, haitoi opioidi mwilini, inawapotezea zile dakika chache mlizokuwa nazo.

Kinachogeuza opioidi ni dawa inaitwa naloksoni, ya kupuliza puani au sindano. Unampa moja, dakika mbili tatu akiwa hajaamka unampa nyingine. Ukimpa mtu ambaye hana opioidi mwilini haimdhuru, kwa hiyo usikae unabishana na wenzio kama ni yenyewe au sio yenyewe. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linasema iwafikie hata ndugu na marafiki wa watumiaji, sio sisi wa hospitali tu. Kama unaishi na mtu anayetumia, ulizia kituo cha afya cha kwenu leo.

Swali: Tumempa naloksoni kaamka, anataka kurudi kulala. Basi tumemaliza?

Bado! Naloksoni inafanya kazi kama nusu saa mpaka saa moja na nusu, opioidi nyingi zinakaa mwilini zaidi ya hapo. Dawa ikiisha nguvu, pumzi inaweza kuzima tena akiwa chumbani kwake mlango umefungwa. Aje hospitali, akasirike asikasirike, na ATAKASIRIKA maana naloksoni inamletea arosto ya ghafla, yale mateso ya mwili uliozoea dawa ukiikosa. Mvumilie, aje.

Swali: Tunaogopa polisi.

Naelewa, na nchi nyingine zimeliona hilo, Kanada walitunga sheria mwaka 2017 ya kumkinga na kesi ya kukutwa na madawa yule anayepiga simu kuokoa mtu. Sheria za mahali ulipo zinaweza kuwa tofauti, ila mimi nikiuliza "ametumia nini, saa ngapi, kachanganya na pombe au valiamu?" nauliza kwa ajili ya dozi. Mkinidanganya nachelewa. Pombe na dawa za usingizi juu ya opioidi ndo mchanganyiko unaozima watu haraka, na ndo kitu cha kwanza watu wanakificha.

Swali: Kaka yangu alikuwa ameacha miezi miwili, karudia mara moja tu, na kwa kiasi kile kile cha zamani, ikawaje akazidiwa?

Kwa sababu mwili uliacha kuzoea. Kiasi alichokihimili zamani sasa hivi kinamuua. Wanaotoka jela, wanaotoka kwenye nyumba za kuachia madawa, wanaotoka wodini, wiki za mwanzo ndo za hatari kuliko zote. Alafu vya mtaani vinabadilika, kidonge kinaonekana ni kile kile kumbe kimetiwa fentanili ambayo ina nguvu kama mara 50 ya heroini. Familia inasherehekea ameacha na haina naloksoni ndani. Sherehekeeni, ila muwe nayo.

Swali: Methadoni si ni kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye uraibu mwingine?

Hapana, na nawaomba sana muache kuwakatisha wagonjwa dozi kwa maneno haya. Methadoni na buprenofini zinazuia arosto bila kumpandisha na kumshusha kila masaa machache, mtu anafanya kazi, analea watoto, na vifo vinapungua sana akiwa kwenye tiba. Shirika la Afya Duniani lilizitia kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Kumfungia mtu chumbani atoke jasho na kuhara siku kumi alafu mkamwachia, mnamtoa akiwa na kiu ile ile na mwili usiohimili tena. Nimeeleza hapo juu inavyoisha.

Swali: Mimi natumia tramadoli ya maumivu niliyoandikiwa. Niache?

Usiache ghafla na usiongeze mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia mpange kupunguza. Usimpe jirani, usimpe mtoto, usinywee na pombe, na ujue tramadoli ikizidi inaleta pia degedege.

Swali: Na kama nimemkimbiza usiku wa manane, kumbe kweli alikuwa amelala tu?

Tutampima oksijeni, tutakaa naye masaa kadhaa, mtarudi naye nyumbani. Hakuna atakayewacheka. Nimeshapokea wa namna hiyo, wachache, na nilifurahi kuwaona wanaondoka wanatembea, wamenuna kwa kukatizwa usingizi.